Aliyeachishwa kazi asiseme aliacha

Miongoni mwa maswali yanayowatatiza watafutao kazi humu nchini, hakuna linalotatiza kama hili fupi: "Kwa nini uliondoka ulikokuwa?" Aliyejiuzulu kwa hiari yake hulijibu bila kusita. Aliyefutwa huinamisha kichwa, akameza mate, kisha akasema, "Niliacha." Jibu hilo laeleweka, kwani njaa ni mshauri mbaya. Hata hivyo, hapana shaka kwamba humdhuru anayelitoa kuliko ukweli aliouficha, na waajiri nao hawawezi kujitoa katika lawama.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Baina ya "niliacha" na "niliachishwa" pana viambishi viwili tu. Cha kwanza, -ish-, chaonyesha kwamba yuko aliyesababisha tendo. Cha pili, -w-, chaonyesha kwamba msemaji ndiye aliyetendwa. Anayevidondosha viwili hivyo humfuta mwajiri wake wa zamani katika habari na kujifanya kuwa uamuzi ulikuwa wake. Mwajiri mpya anapopiga simu kule alikotoka mtu huyo, viambishi vilivyodondoshwa hurejeshwa na mtu mwingine, navyo vikirejeshwa hivyo huwa ni ushahidi. Aliyeachishwa kwanza kwa sababu ya kuchelewa huachishwa tena kwa sababu ya kudanganya, na kosa hili la pili ni zito kuliko lile la kwanza. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Isitoshe, mara nyingi hakuna nafasi ya kukwepa. Fomu ya maombi ya Tume ya Utumishi wa Umma humwuliza mwombaji waziwazi iwapo amewahi kufutwa au kuondolewa kazini, na humtaka aeleze sababu na tarehe. Anayeandika "hapana" ilhali jibu ni "ndiyo" ametia sahihi uongo wake kwa mkono wake mwenyewe.

Kusema kweli, lakini, si kujianika. Asiyeulizwa hana haja ya kukisimulia kisa chote katika barua ya maombi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 51, humpa mfanyakazi haki ya kupewa cheti cha utumishi anapoondoka, mradi alifanya kazi kwa muda usiopungua majuma manne mfululizo. Cheti hicho hutaja jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, aina ya kazi na mahali ilipofanyiwa, siku aliyoanza na siku aliyomaliza. Sheria haimlazimishi mwajiri kuandika lolote kuhusu tabia au bidii ya mtu. Basi wasifukazi nao na uishie hapo. Atakapoulizwa, mwombaji na aeleze kwa sentensi tatu au nne kilichotokea, alichojifunza na kilichobadilika tangu siku hiyo, bila kumtukana aliyemfuta.

Aidha, na achague neno lililo sahihi. Mitaani na magazetini kila aliyepoteza kazi "amepigwa kalamu" au "amemwaga unga", kana kwamba visa vyote ni kimoja. Sheria haioni hivyo. Kifungu cha 40 chahusu kupunguzwa kazi, ambako mfanyakazi hana kosa lolote na hulipwa mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Kifungu cha 44 chahusu kufutwa papo hapo kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Maelfu ya watumishi wa serikali waliopunguzwa katika miaka ya 1990, na wahudumu wa hoteli za Pwani waliorudishwa nyumbani mwaka 2020 wakati wa korona, hawakuwa wezi wala walevi. Mtu wa namna hiyo akisema "nilifutwa" amejidhulumu, na akisema "niliacha" amedanganya. Na aseme "nilipunguzwa", neno ambalo lina ukweli wote na halina aibu.

Wako pia wasioijua sababu ya kuondolewa kwao. Chini ya sheria ya kale, Sura ya 226, mwajiri aliweza kumwachisha mtu kwa kumpa notisi tu, bila kumweleza sababu. Sheria mpya, iliyoanza kutumika mwezi wa Juni 2008, iliyabadilisha mambo. Kifungu cha 41 chamtaka mwajiri, kabla ya kumwondoa mtu kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kimwili, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua yeye mwenyewe. Maneno hayo, "lugha anayoielewa", yana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Bawabu au mpishi anayekabidhiwa barua ya Kiingereza kigumu huondoka bila kujua alishtakiwa nini. Kesho akiulizwa, atajibu nini? Ana haki ya kudai aelezwe kwa Kiswahili papo hapo, na asione haya kuidai.

Nanyi waajiri, sikilizeni. Mkizoea kuitupa kando kila fomu iliyojibiwa "ndiyo", mtawafunza Wakenya wote kuandika "hapana", kisha mtalalamika kwamba vijana wa siku hizi ni waongo. Kufutwa si ithibati ya hatia. Sheria yenyewe yakiri kwamba mwajiri aweza kukosea, ndiyo maana Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina uwezo wa kuamuru aliyeachishwa isivyo haki alipwe fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12. Mwombaji anapokiri mbele yenu kwamba aliachishwa, mwulizeni nini kilitokea, kisha yapimeni majibu yake. Amekwisha kuwaonyesha jambo moja ambalo cheti chochote hakiwezi kulionyesha, nalo ni kwamba husema kweli hata inapomgharimu.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi akiulizwa koleo liko wapi, na aseme limevunjika.