Umeshusha mchuma? Angalia viatu vyake!

Haya wapenzi wa safu, wiki hii ni zamu yenu wazee wa michuma ya zamani. Maana siku hizi kijana akirithi Volkswagen ya babu, ile yenye mgongo wa kobe, neno la kwanza kwa fundi ni "ishushe mpaka ilambe lami". La pili ni kusaka matairi ya kuuzia sura. Hapo ndipo noma inapoanzia.

Kuna mshikaji mmoja wa Kinondoni, gari lake limelala chini kama paka anayevizia panya. Bomba kweli. Sasa anataka rimu pana, halafu avalishe tairi jembamba, livutwe kwa nguvu mpaka lishike kingo. "Kaka, hiyo ndiyo fasheni," ananiambia. Nikamuuliza, na mashimo ya barabarani nayo yanaijua fasheni? Kanuna, lakini rimu hajanunua.

Sikilizeni. Tairi lililovutwa hivyo halishiki rimu sawasawa. Ukiingia kwenye shimo au ukikata kona kwa kasi, linaweza kuchomoka na upepo wote ukatoka mara moja. Na ndani umepakia watu wanne, mmoja wao mtoto wa watu uliyemwomba mama yake ruhusa. Utasemaje?

Twende kwenye namba. Tairi la kawaida la Kobe ni 165 la inchi 15, kimo chake kama sentimita 64. Nyuma baki na hilo hilo. Injini iko huko, uzito mwingi uko huko. Ukitaka mbwembwe, cheza na mbele. Vijana wa California walishafanya hivyo miaka ya 1970: mbele jembamba, nyuma nene, pua chini. Tairi la 145/65 R15 lina kimo cha sentimita 57 tu. Ukilifunga mbele, pua inashuka karibu sentimita 4 kabla fundi hajagusa springi. Kwa hiyo chagua tairi kwanza, kushusha baadaye.

Ila kuna ujanja wa kujua. Kebo ya spidi ya Kobe inachukua mzunguko kwenye gurudumu la mbele. Tairi dogo linazunguka mara nyingi zaidi, hivyo mshale utakuambia 100 kumbe unatembea 88. Usije ukamtambia mtu.

Nyuma nako kuna mambo. Kwenye Kobe nyingi za zamani, ukishusha nyuma magurudumu yanainama, juu yanaingia ndani. Tairi linaliwa ukingo wa ndani, na ukisimama pembeni unaona meno yote mazima. Piga magoti uchungulie, hata kama umevaa suruali nyeupe.

Halafu umri. Soma ubavuni, penye herufi DOT, tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likifikisha miaka 10 listaafishe, hata kama meno yapo. Gari linalotoka Jumapili tu, tairi lake linazeeka kabla ya kulika. Na ya mtumba ndiyo usome mara mbili, maana rangi nyeusi inaficha mengi.

Mwisho, kabla hujafungua pochi, pakia washikaji wanne, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, kisha panda tuta polepole. Ukisikia tairi linakwaruza madigadi, usipokee gari. Mwambie fundi alipandishe kidogo. Atakayekucheka kwa sentimita mbili hatakuja kukusukuma ukiharibikiwa usiku.

Gari chini, akili juu. Tukutane wiki ijayo!