Anayehesabu Mashina

Jumatatu, kijiji cha Kisiwani, Usambara Mashariki. Mvua imekatika alfajiri na Mto Sigi umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Ni udongo wa mashamba unaoteremka kuelekea bwawa la Mabayani, kwenye maji ya watu wa Tanga mjini. Juu kidogo ya barabara bibi mmoja ananionyesha mahindi yaliyolala. Nguruwe pori walipita kwanza, mvua ikamalizia.

"Pole, bibi."

"Nishapoa, mwanangu. Angekuwa tembo ningeandikishwa. Nguruwe na kima hawahesabiwi."

Anaijua sheria kuliko wengi wetu. Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho, malipo ya serikali kwa walioharibiwa na wanyamapori, zilihusu wanyama hatari tu, na zilipanga malipo kwa umbali: shamba lililo kati ya nusu kilomita na kilomita moja kutoka hifadhini, shilingi 25,000 kwa eka, lililo mbali zaidi ya kilomita tano, 100,000, na mwisho eka tano. Aliyekuwa ndani ya mita 500 hakupata kitu. Nia ilikuwa kuwazuia watu wasilime mpakani, naielewa. Lakini Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa 1997, na vijiji vilikuwapo. Mtu ambaye mpaka ulimfuata hadi mlangoni alikosa, na aliyekuwa mbali na mnyama ndiye aliyepata zaidi. Hilo linaniuma.

Jumatano. Nimekaa na maneno matatu. Msaada hutolewa ukiwa na njaa: mahindi ya serikali baada ya maafa, kwa kilo, wala hayaulizi ulipoteza nini. Kifuta jasho kinakiri kwamba ulitoka jasho, kisha kinakupa kitambaa. Fidia asili yake ni kukomboa, kulipa mpaka kitu kirudi. Ukame na mafuriko hapa kwetu hukutana na la kwanza tu. Mkulima akipata fidia, jueni ardhi yake inachukuliwa.

Alhamisi. Ndivyo ilivyokuwa Derema, na watu huku bado wanaizungumzia. Msitu huo wa zaidi ya hekta 900 ulitengwa ili misitu ya Usambara Mashariki isikatike vipandevipande. Ndani yake, chini ya miti mikubwa, wakulima wa vijiji vya jirani walikuwa na iliki. Zaidi ya watu elfu moja walihesabiwa mazao yao, shina kwa shina, na fedha zikatoka serikalini na kwa wafadhili, Benki ya Dunia ikiwamo. Waliokuwa kwenye mstari wa mpaka walihesabiwa mwanzo na wakalipwa kwa kila shina bei kubwa kuliko waliofuata. Wengine walingoja miaka. Malipo yalifika mpaka 2008.

Msitu ulistahili kuokolewa, na nitalisema hilo popote. Ila Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema, na jirani wawili wenye iliki ya aina moja hawawezi kulipwa bei mbili kisha wote wakaambiwa ni haki. Halafu shina hulipwa mara moja. Iliki ilivunwa kila mwaka, ikalipa ada, dawa, bati la nyumba.

Jumamosi, Sigi. Kuna neno la nne, bima. Tangu 2023 kampuni za bima nchini zimeungana kukinga kilimo. Nasubiri fomu itakayoweza kuandika eka moja yenye karafuu, iliki, pilipili manga na migomba kwa pamoja, maana hilo ndilo shamba la huku.

Karibu na stesheni ya zamani ya Wajerumani kijana mmoja alinitolea daftari la shule. Kila mkarafuu wake una mstari: mwaka aliopanda, mwaka ulioanza kuzaa, kilo alizochuma. Mikarafuu kadhaa haijazaa bado, lakini ameiandika. Akaniomba niweke tarehe ya leo na saini yangu chini ya ukurasa, awe na shahidi. Nikaweka.