Pembe Hii ni ya Nani?

Siku hizi ukitaka kufanya ruracio kule Kangari, kuna mtu wa kukukodishia utamaduni. Unampigia simu, anakuja na pikapu imejaa vibuyu, vikapu, ngozi za mbuzi, vigoda, na pembe ya ng'ombe ambayo mzee fulani ataishika mbele ya kamera kana kwamba aliizoea tangu utotoni. Jioni vyote vinahesabiwa na kupakiwa tena. Jumamosi inayofuata viko Othaya au Kerugoya kwa sherehe ya watu wengine. Niliwahi kumuuliza mwenye pikapu mmoja pembe ile ni ya nani. Akanijibu, "Ni yangu, nilinunua." Jibu sahihi kabisa, na ndilo linalonikera.

Sina ugomvi naye. Anatafuta unga kama sisi wote. Ugomvi wangu ni na sisi vijana tuliosoma, wenye simu za kamera kali, tunaopiga kelele mtandaoni kwamba Wazungu warudishe vitu vyetu, huku vitu vyenyewe vikitoka nyumbani kwa cucu kimoja kimoja na hakuna anayeandika hata jina. Nasema hivi: kitu cha kale kisicho na jina, mwaka na mahali kimeshapotea, hata kama bado kinaning'inia ukutani kwenu.

Imani hii niliipata mbali kidogo. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma habari za pembe za baruti za Marekani. Usicheke, ngoja kwanza.

Pembe ya baruti ni pembe ya ng'ombe tu. Katika karne ya 18, mwenye gobori alihitaji chombo cha kubebea baruti: chepesi, kisichopitisha maji, kisichotoa cheche. Pembe ilikuwa na sifa zote hizo. Ilikwanguliwa ikawa nyembamba, upande mpana ukazibwa kwa mbao, ncha ikatobolewa na kuwekwa kizibo, ikafungwa kamba ya kuvaa begani. Halafu wanajeshi, wakiwa wamekaa kambini bila la kufanya, wakaanza kuichora kwa ncha ya kisu. Walichora ngome, meli, mito, hata ramani nzima ya njia waliyopita. Na mara nyingi waliandika jina la mwenyewe, maneno "pembe yake", mahali na mwaka. Kilichoandikwa kikapakwa kitu cheusi ili kionekane.

Wengi wa watu hao hawakuwa mabwana wakubwa. Walikuwa wakulima na mafundi walioitwa vitani, katika vita vya Waingereza na Wafaransa vya 1754 hadi 1763, na baadaye katika mapinduzi yaliyoanza 1775. Wengi wao hawana kumbukumbu nyingine duniani ila ile pembe.

Na nani alianza kuzihifadhi? Si serikali. Rufus Grider, mwalimu wa kuchora katika mji mdogo wa Canajoharie, jimbo la New York, alizunguka mwishoni mwa karne ya 19 akiingia nyumba za watu na kunakili pembe kwa rangi za maji, moja baada ya nyingine, mpaka zikawa mamia. Aliandika ni ya nani na ilipatikana wapi. Mwaka 1945 Stephen Grancsay, wa makumbusho ya Metropolitan pale New York, akatoa kitabu kizima juu yake. Leo watafiti wanabishana kuhusu umbo la herufi moja ili kujua mchongaji ni yupi, na kukamata matapeli wanaochukua pembe kuukuu isiyo na kitu na kuichora jina jana usiku. Kwa nini tapeli ajisumbue hivyo? Kwa sababu anajua thamani iko kwenye jina.

Najua kuna atakayesema hayo ni mambo ya Wazungu. Basi sikia habari za John Bush. Alikuwa Mwafrika-Mmarekani huru wa Shrewsbury, Massachusetts, mwanajeshi wa jeshi la jimbo, na ni mmoja wa wachongaji wa mwanzo na wenye ushawishi zaidi katika sanaa hiyo. Alichonga pembe za wenzake kambini karibu na Lake George. Mwaka 1757, ngome ya Fort William Henry ilipoanguka, alitekwa, na hakurudi nyumbani tena. Mtu mweusi wa wakati wa utumwa, na leo tunaijua kazi ya mkono wake kwa sababu kuna watu waliokaa chini wakalinganisha herufi. Huyo ni wetu pia, au sio?

Sasa turudi kwetu. Sisi pia tulikuwa na pembe: rũhĩa ya kunywea mũratina, na vichupa vya mbakĩ ambavyo wazee walivaa shingoni. Tulikuwa na gĩcaandĩ, kibuyu chenye mbegu ndani na alama zilizochorwa juu yake, ambacho mwimbaji alikitikisa akifuata zile alama na kushindana na mwenzake kwa mafumbo. Ngũgĩ alimfanya mwimbaji wa gĩcaandĩ kuwa msimulizi wa riwaya yake ya 1980, *Caitaani Mũtharaba-inĩ*. Kĩmani Njogu ameandika uchambuzi wa sanaa hiyo. Padre wa Consolata, Vittorio Merlo Pick, alichapisha kitabu chake juu ya vitendawili na gĩcaandĩ mwaka 1973. Wamisionari wa shirika lake walifika Tuthu, Murang'a hii hii yetu, mwaka 1902. Waliuliza na kuandika. Sisi tuko wapi?

Halafu kuna kitu kimoja ambacho kwangu ndicho pembe ya baruti ya Mlima Kenya: kikebe cha kipande. Kuanzia mwaka 1920 hivi, kila mwanaume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alilazimishwa kubeba karatasi yenye jina, alama za vidole, mwajiri na mshahara wake. Karatasi ilitiwa kwenye kikebe cha chuma, kikafungwa uzi na kuvaliwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Si ajabu sisi bado tunaita kitambulisho kipande. Fikiria: mkulima wa Massachusetts alivaa chombo alichoandikiwa "hii ni yangu". Guka alivaa chombo kilichosema "huyu ni wetu". Wa kwanza wamehifadhiwa kwenye kabati za vioo. Wa pili tunabadilishana na mabeseni.

Sitanii. Nimemwona jirani yetu, mama wa miaka zaidi ya themanini, akimpa kijana wa malimali sufuria mbili zilizotoboka pamoja na kikebe cha marehemu mumewe. Nikamuuliza, "Cucu, hicho si kilikuwa cha guka?" Akaniambia, "Ni chake, lakini maji sitachotea hicho." Nani atamlaumu? Mimi siwezi. Lakini watoto wake wanne wako Nairobi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukipiga picha.

Kumbuka vilivyobaki ni vichache kwa sababu maalum. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha zaidi ya watu milioni moja, ikawasukuma kwenye vijiji vya hali ya hatari, na nyumba nyingi zikachomwa au kubomolewa. Kilichopona ni kile mtu alichoweza kubeba. Kwa hiyo pembe au kikebe kilichoko nyumbani kwenu leo, huenda kuna mtu aliyekichagua siku ile akaacha kingine. Ukikitoa bila kuuliza, unatupa uamuzi wake pia.

Nasikia hoja za upande wa pili. Ya kwanza: vitu hivi vina mapepo, vichomwe. Jamani, picha na jina havina pepo. Hata anayetaka kuchoma, aandike kwanza anachoma cha nani.

Ya pili: hiyo ni kazi ya serikali. Sawa, ila soma sheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa kabla ya 1895. Kikebe cha 1920 hakiingii humo chenyewe. Makumbusho ya Nyeri pale Ruring'u hayawezi kukuletea mtu sebuleni kwenu kuuliza jina la guka wako.

Ya tatu, tunayoipenda zaidi: kwanza warudishe. Ndiyo, warudishe. Mradi uliohusisha Makumbusho ya Taifa na wasanii wa Nairobi umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyoko nje. Lakini uliza wanavyorudisha. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa kando ya vigango viwili vya familia yake. Vikaibwa. Miaka mingi baadaye vilionekana katika makumbusho mawili ya vyuo vikuu Marekani, na kufikia 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi. Kilichovitambulisha ni ile picha, na jina la mzee lililoandikwa nayo. Vigango vingi vingine viko huko huko, kwa sababu havina mtu wa kusema kwa ushahidi: hiki ni chetu.

Hapo hapo ndipo hoja ya nne, ambayo naiheshimu: ukianza kukusanya, unaleta soko, na soko linaleta wezi. Kweli kabisa. Ndiyo maana sisemi ununue. Kitu kibaki kwa mwenyewe, kwenye msumari wake. Wewe chukua habari yake tu.

Kazi yenyewe si ngumu. Piga picha mchana, pande zote, na rula kando. Uliza: kinaitwaje kwa Kikuyu? Alikitengeneza nani? Alikitumia nani, lini, wapi? Kilipitaje mwaka 1954? Nani anakirithi? Mrekodi anayejibu, kwa lugha yake, bila kumkatiza. Akisema hajui, andika hajui, usimtungie. Kisha weka nakala mbili, moja kwako na moja kwa mtu wa familia asiyepoteza simu kila mwaka.

Kijana wa mwisho kuvalishwa kile kikebe, miaka ya arobaini, leo ana zaidi ya miaka tisini. Hatangoja sera, wala hatangoja wewe umalize kubishana na British Museum. Desemba ukipanda matatu ya kwenda juu kwenye chai, beba daftari. Anza kwenu, kisha vuka ua uende kwa jirani.