Mlinzi Mmoja Hatoshi Shambani

Mfugaji wa Malambo, wilayani Ngorongoro, haweki mali yake yote kwenye ng'ombe. Bomani mwake mna mbuzi na kondoo pia, na hesabu yake ni ya zamani: ugonjwa unaomaliza hawa huwaacha wale. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilipothibitishwa wilayani humo mwaka 2008, ng'ombe hawakufa nayo. Kwenye ngano ya Karatu hesabu hiyo hatuifanyi. Tunanunua mbegu kwa jina na kwa mavuno, bila kuuliza kinga yake inasimama kwa miguu mingapi.

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya ngano duniani ilijikinga na kutu ya shina kwa jeni iitwayo Sr31, iliyotolewa kwa nafaka jamaa yake, rai. Ilifanya kazi vizuri mno, na kosa likaanzia hapo: nchi baada ya nchi ziliegemea hiyo hiyo. Jeni ya namna hiyo ni mlinzi anayemtambua mwizi kwa kofia. Kuvu inayoleta kutu hutoa vijimbegu kwa mabilioni. Kikitokea kimoja kisicho na kofia, mlinzi haoni kitu. Kilionekana Uganda mwaka 1998, kikaitwa Ug99, kikapeperushwa hadi Kenya na Ethiopia, na mwaka 2009 kikathibitishwa Tanzania.

Wapo watakaosema dawa ipo. Ipo, na mwenye shamba kubwa ataimudu. Mwenye ekari mbili, anayeazima hata bomba la kupulizia, atafika shambani kutu imeshamtangulia. Hoja nzito zaidi ni kwamba mkulima anataka magunia, si somo la jeni. Kweli kabisa, na wala si yeye wa kuhangaika. Mtafiti anaweza kukusanya jeni kadhaa ndani ya mbegu moja, ikiwamo Sr2, ambayo haiizuii kutu bali huichelewesha, na imedumu kwa miongo mingi. Hapo kuvu italazimika kubadili kofia, viatu na sauti kwa mpigo mmoja. Kazi hiyo ni ya polepole: huko Njoro, Kenya, ngano za nchi nyingi hupandwa makusudi penye Ug99, zichujwe msimu kwa msimu.

Ninachodai ni kidogo. Mbegu ikiidhinishwa kuwa inastahimili kutu, mamlaka iulize kwa jeni ngapi, na jibu liandikwe kwenye mfuko. Wauza mbegu watasema mkulima wa kawaida hataielewa namba hiyo; wakaulize Malambo.