Bwana Msa na mzimu wa kompyuta

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Nilikuwa nyumbani Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, ambako mtandao huja na kuondoka upendavyo. Basi nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nimalize digrii yangu ya kompyuta: nilisoma riwaya ya karatasi, mwanzo hadi mwisho.

Riwaya yenyewe ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58, ikachapishwa mwaka 1960. Ndiyo iliyotuletea Bwana Msa, mpelelezi wa kuvuta kiko, ambaye wengi humlinganisha na Sherlock Holmes. Aliyeniazima ni mjomba wangu, mwalimu mstaafu.

"Mjomba, mimi sisomi hadithi za mapepo," nilimwambia.

Akacheka. "Soma kwanza, mpwa wangu. Huo mzimu ni mahali. Ni kama ithembo letu."

Kumbe! Kwetu Ukambani, ithembo ni mahali pa kutambikia, na huendi kuchezacheza pale. Katika riwaya, tajiri mmoja anakutwa amekufa mahali kama hapo. Hofu ya mzimu peke yake ingetosha kuifunga kesi. Lakini Bwana Msa haogopi mahali, anauliza maswali.

Rafiki yangu mmoja, naye mwandishi wa programu, anasema riwaya hizi zimepitwa na wakati. Siku hizi polisi wakiwa na kumbukumbu za simu na picha za kamera, Bwana Msa atafanya kazi gani? Nakiri kwamba hadithi inakwenda polepole, na Kiswahili cha Unguja kilinipeleka kwenye kamusi mara nyingi. Ila kwa hoja yake kuu nampinga, na sababu ninayo.

Mwaka jana niliandikia kikundi cha maji cha hapa kijijini programu ndogo. Muuzaji wa maji akiuza mtungi, anabonyeza kwenye simu, na hesabu inakwenda kwenye seva. Miezi michache baadaye, seva ikawa inaonyesha pesa nyingi kuliko zilizomo kwenye sanduku. Watu wakamwangalia mweka hazina, mama mtu mzima anayeheshimika.

"Mwanangu, mimi sijagusa hata shilingi," aliniambia.

Nami nilimjibu nini? Nilimjibu kwamba kompyuta haidanganyi. Nikarudi zangu Nairobi. Mama wa watu akajiuzulu.

Sasa nilipokuwa nikimsoma Bwana Msa kando ya taa ya sola, nilianza kuona aibu. Yeye hakubali jibu kwa sababu tu kila mtu anaogopa kulihoji. Mimi nilikuwa nimejenga mzimu wangu mwenyewe, nikawaambia watu wasiuulize kitu. Asubuhi nikafungua kumbukumbu za mauzo, mstari kwa mstari. Nikaona mauzo mengine yameingia mara mbili, kiasi kilekile, dakika ileile. Tena yote yalikuwa ya siku ambazo mtandao ulisumbua. Simu ilituma, haikupata jibu, ikatuma tena. Seva ikahesabu zote mbili, kwa sababu mimi sikuyapa mauzo namba ya kuyatambulisha. Mhalifu alikuwa mimi!

Nilikwenda kwa yule mama nikamwomba msamaha, kisha nikasimama mbele ya kikundi kizima nikaeleza kosa langu. Alinisamehe. Cheo alikataa kurudishiwa. Hilo sina programu ya kulirekebisha.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Simu na kamera hazikumstaafisha Bwana Msa, zimemwongezea kazi. Mwaka 1960 watu waliogopa kuhoji mzimu. Leo tunaogopa kuhoji sistimu. Ukienda ofisi yoyote ukaambiwa "sistimu imekataa", unageuka unaondoka, kama mtu aliyeonywa asikanyage ithembo. Lakini nyuma ya kila sistimu kuna mtu aliyeiandika, labda usiku, amechoka, na anaishi mahali ambapo mtandao haukatiki. Tena sasa mashine zinaanza kuamua nani apewe mkopo na nani anyimwe. Mzimu unakua.

Ningekuwa na uwezo, kila mwanafunzi wa kompyuta angesoma angalau kitabu kimoja cha Bwana Msa kabla ya kuandika programu inayogusa pesa za watu. Sitakuambia nani alimuua yule tajiri, kitafute ujisomee. Na wewe, ni lini mara ya mwisho ulimuuliza anayesema "kompyuta haidanganyi" akuonyeshe hesabu yenyewe?

Haya, tuonane tena mtandao ukirudi.