USHURU WA DARAJA NI AMANA, SI NGAWIRA



Yeyote anayemtoza raia ushuru wa kuvuka maji ya nchi yake hana budi kujibu maswali matatu: Nani aliukubali? Fedha zinakwenda wapi? Utakoma lini?

Daraja la kwanza la Nyali, lililoelea majini kati ya kisiwa na bara ya Kisauni, lilifunguliwa mwaka 1931. Serikali ya kikoloni iliipa kampuni ya Nyali Limited haki ya kutoza ushuru. Baadaye pande hizo mbili zikagombana: magari ya jeshi nayo yalipe? Shauri likafika Mahakama ya Rufani mjini London, na mwaka 1955 Jaji Denning akaifananisha sheria ya Kiingereza na mti wa mwaloni, ambao ukipandwa Afrika huhitaji matunzo mengine. Maneno matamu! Lakini waliobishana ni kampuni na Serikali. Mkazi wa Kisauni, ambaye njia ni yake, hakuwamo.

Mwaka 1980 daraja la zege lilichukua nafasi ya lile la kuelea. Basi isisemwe kwamba jambo hili haliwezekani. Na Likoni je? Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Mwaka 2021, miaka 90 baada ya Nyali, Likoni ilifunguliwa daraja la Liwatoni: nalo la kuelea, tena la waendao kwa miguu tu.

Watatuambia: daraja ni ghali, atumiaye alipe. Sisi hatukatai kuchangia. Tunachokataa ni mkataba wa gizani. Barabara ya juu ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2022, ilikabidhiwa kampuni itoze ushuru kwa miaka 27. Raia wangapi waliusoma mkataba ule kabla ya kuanza kulipa? Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 kinaamuru uwazi, uwajibikaji na ushirikishwaji wa wananchi katika fedha za umma. Hiyo ni amri, wala si hisani ya mkubwa.

Nanyi waumini, kumbukeni jibu la Yohana Mbatizaji kwa watoza ushuru: hakuwafukuza, bali aliwakataza kuzidisha kiwango kilichowekwa. Kiwango kisichojulikana kitazuiwaje kuzidishwa?

Siku daraja la kudumu la Likoni litakapojengwa, tudai haya kabla ya senti moja kutozwa: mkataba utangazwe kwa Kiswahili; tarehe ya kukoma ushuru iandikwe; na mwenda kwa miguu avuke bure, kama avukavyo kwa feri.

Kengele ya Freretown iliwekwa kuwaonya watumwa walioachwa huru kwamba adui yu njiani. Haikungoja wakamatwe ndipo ilie. Nasi tuseme sasa, makanisani na katika mabaraza, kabla wino haujakauka.