Sheria Hutungwa Kamatini



Wengi wetu huku Handeni na Korogwe hudhani kwamba sheria hutungwa siku ile wabunge wanapoitikia "Ndiyo". Sivyo. Siku hiyo kazi kubwa imekwisha. Muswada huchapishwa katika Gazeti la Serikali, husomwa mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwenye kamati ya kudumu ya Bunge. Humo ndimo vifungu hupimwa, wadau huitwa kutoa maoni, na Serikali hushauriwa kurekebisha. Kosa lisiloonwa humo ni shida kulishika baadaye.

Tazameni mfano. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi, namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5. Katika ile ya kwanza, tafsiri ya "ardhi ya jumla" ilibeba maneno machache: kwamba inajumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Katika ile ya pili maneno hayo hayamo. Shamba lililopumzishwa misimu miwili, je, halitumiki? Na mbuga iliyoachwa kwa malisho ya kiangazi? Mkulima wa Handeni angaliona hatari hiyo mara moja. Lakini sheria zile zilitungwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria mwaka 2021 tu.

Wala lugha peke yake haitoshi. Juni 2019 muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali, uliogusa asasi za kiraia, makampuni na takwimu, uliletwa kwa hati ya dharura, na ukapitishwa mwezi uo huo. Dharura ya nani?

Wapo wasemao: mmekwisha kumchagua mbunge, yatosha. Hatukubali. Ibara ya 21 ya Katiba humpa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika uamuzi wa mambo yanayomhusu. Kura ya miaka mitano haifuti haki hiyo.

Kwa hiyo twadai: muswada wowote wa ardhi usomwe katika mikutano mikuu ya vijiji, kamati ije kuwasikiliza wakulima na wafugaji, isiwangoje Dodoma, na hati ya dharura itumike penye dharura ya kweli. Nasi tusilale. Tumwulize mbunge wetu, kabla ya kura na si baada yake: muswada huu wasemaje juu ya shamba letu?

Mdharau mwiba, mguu huota tende.